Mbegu ya Kwanza Inatoka Wapi?

Mhadhara ulikuwa umefika mwisho na msemaji alikwisha kufunika kompyuta yake. Kwa muda wa saa nzima alikuwa ametuonyesha ramani ya dunia iliyopakwa rangi: kijani kwa nchi zilizohalalisha bangi, manjano kwa zilizoondoa kifungo zikabakiza faini, nyekundu kwa zile ambazo bado zinampeleka mtu gerezani kwa msokoto mmoja. Ilikuwa ramani ya kupendeza, na ilitujengea picha kwamba jambo hili ni la kungoja tu: mwaka huu nchi fulani itatoka nyekundu iingie manjano, mwaka ujao nyingine itaingia kijani, hadi dunia nzima iwe rangi moja.

Ndipo mama mmoja wa safu ya nyuma aliponyoosha mkono. Aliuliza kwa upole, kama mgeni anayeulizia njia: "Kwenye hizo nchi ambako mtu ameruhusiwa kupanda nyumbani kwake lakini hakuna aliyeruhusiwa kumuuzia, mbegu ya kwanza anaitoa wapi?"

Ukumbi ukacheka. Msemaji naye akacheka, akasema ni swali zuri sana, kisha akamrudishia mwenyekiti kipaza sauti.

Swali halikujibiwa.

Nimeishi nalo majuma kadhaa sasa, na kadiri nilivyosoma hukumu na sheria za nchi mbalimbali ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mama yule hakuwa akitania. Mjadala wa bangi tumezoea kuufanya kuwa wa ndiyo au hapana: mvutaji aruhusiwe au asiruhusiwe? Lakini mvutaji ni mwisho wa safari. Kabla yake yuko aliyeuza, kabla ya muuzaji yuko aliyelima, na kabla ya mkulima ipo mbegu. Sheria inayomtazama mvutaji peke yake inaweza kuandikwa ikaisha kwa ukurasa mmoja. Kazi iko kwa hao waliomtangulia.

## Ruhusa isiyo na mlango

Nilianzia Afrika Kusini, kwa kuwa huko waliofungua njia ni majaji na si wanasiasa, na majaji hulazimika kuandika sababu zao. Gareth Prince ni Mrastafari aliyesomea sheria akanyimwa nafasi ya kuingia katika uwakili, kwa sababu aliwahi kutiwa hatiani kwa kupatikana na bangi na akasema wazi kwamba ataendelea kuitumia. Mwaka 2002 alikwenda Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini, akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Miaka 16 baadaye alikuwa tena mbele ya mahakama ileile, safari hii pamoja na wenzake, hoja ikiwa ni haki ya faragha. Tarehe 18 Septemba 2018 majaji wote kwa kauli moja, hukumu ikiwa imeandikwa na Jaji Raymond Zondo, waliamua kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia bangi, kuwa nayo au kuilima faraghani kwa matumizi yake mwenyewe ni kinyume cha Katiba.

Imani ilishindwa, ukuta wa nyumba ukashinda.

Wengi wetu huacha kusoma hapo. Ukiendelea utakutana na aya ambazo msemaji wetu hakuzigusa. Mahakama Kuu ya Western Cape, iliyosikiliza shauri hilo mwaka 2017, ilikuwa imeujumuisha ununuzi pia katika mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuadhibiwa kwayo. Mahakama ya Katiba ikauondoa. Ilisema kwamba kuruhusu mtu anunue ni kuibariki biashara yenyewe, na biashara ya bangi ni tatizo zito ambalo dola ina haki ya kulikataza. Raia akatoka mahakamani na haki ya kuvuna alichopanda, bila njia halali ya kupata cha kupanda.

Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria mpya tarehe 28 Mei 2024, karibu miaka sita baada ya hukumu. Nayo imelizunguka swali letu kwa ustadi: kinachoifanya bangi iwe biashara ni malipo. Anayetoa au kupokea chochote kwa kubadilishana nayo anafanya biashara na ni mkosaji. Anayempa mwenzake bure hayumo. Basi jibu ambalo mama yule angepewa ni kwamba mbegu ya kwanza hutolewa bure na rafiki. Rafiki aliipata kwa rafiki yake, na huyo kwa mwingine. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwanzo utamkuta mtu aliyevunja sheria, na sheria mpya inamhitaji awe ameivunja ili wengine wote waweze kuitii.

## Afisa na kifuko

Aya iliyoninyima usingizi, hata hivyo, ni ile inayomhusu polisi. Mahakama ya Katiba haikutaja gramu hata moja. Ilieleza kwamba afisa akimkuta mtu na bangi atatakiwa kuzingatia mazingira yote, pamoja na kiasi kilichopatikana, kabla ya kumshuku kuwa ana zaidi ya ile ya matumizi yake mwenyewe. Kiasi kikiwa kidogo sana au kikubwa sana, jambo ni rahisi. Cha katikati ndicho chenye utata, na hicho ndicho watu wengi hutembea nacho.

Kwenye karatasi hoja hiyo haina kasoro. Barabarani usiku mambo ni tofauti. Afisa amemsimamisha kijana, amemkuta na kifuko, na sasa ndiye jaji wa mazingira yote: nguo za kijana, mtaa anaotoka, fedha taslimu alizo nazo, jinsi anavyojibu. Kijana hana wakili pale. Ana maelezo yake tu, na katika nchi nyingi maelezo matupu hayajawahi kumfikisha mtu nyumbani. Maelezo hayo huhitaji kusindikizwa na kitu kingine kinachopita mkononi. Niliposoma aya ile nilianza kushuku kwamba ruhusa isiyo na mipaka iliyoandikwa inaweza kumpa afisa nguvu kuliko katazo lenyewe. Zamani kijana alijua kwamba amekosa. Sasa kosa lake linategemea amekutana na nani.

Na faragha hiyo ni ya nani? Mfano wa wazi wa mahali pa faragha uliotolewa katika hukumu ni bustani ya nyumba ya mtu. Mwenye uzio na bustani ameelewa mara moja. Mpangaji wa chumba kimoja anayetumia ua na familia nyingine, ambaye mwenye nyumba anaweza kumfukuza kwa harufu tu, amepewa haki ambayo hana pa kuitumia. Sisemi kwamba majaji hawakulifikiria hilo. Nasema kwamba haki iliyojengwa juu ya faragha hugawanywa kama ardhi inavyogawanywa.

Ujerumani ilichukua njia nyingine, ya tarakimu. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaweza kuwa na gramu 25 akiwa nje na gramu 50 akiwa nyumbani, na anaweza kukuza miche mitatu. Haruhusiwi kuvuta palipo na shule au uwanja wa watoto unaoonekana, umbali wa hadi mita 100, wala katika mitaa ya waenda kwa miguu kati ya saa 1 asubuhi na saa 2 usiku. Kwa jicho la mtu aliyezoea sheria za mafumbo, haya ni maji baridi: afisa anabeba mzani, wala hapimi mavazi ya mtu. Na mbegu? Ujerumani ndiyo nchi niliyoikuta imelijibu swali la mama yule kwa maandishi. Mtu anaruhusiwa kuagiza mbegu kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya kwa kilimo chake cha nyumbani, na vyama vya wakulima wa bangi visivyo vya faida, vilivyoruhusiwa kuanzia Julai 2024 vikiwa na wanachama wasiozidi 500, vinaweza kutoa mbegu na vipandikizi.

Tarakimu nazo zina vichekesho vyake. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kutoa zaidi ya gramu 50 kwa mavuno mamoja, na mtu ameruhusiwa mitatu. Mkulima mwaminifu wa Berlin anatakiwa kuiharibu ziada siku anayovuna. Ningependa kumwona anayefanya hivyo.

Georgia, ile nchi ya Kaukasi na si jimbo la Marekani, ndiyo iliyoniacha kinywa wazi. Tarehe 30 Julai 2018 Mahakama yake ya Katiba iliondoa hata faini kwa mtu mzima anayevuta bangi, lakini kuipanda na kuiuza kumebaki kosa. Mtu anaruhusiwa kuvuta kitu ambacho hakuna anayeruhusiwa kukiotesha.

## Mlango wa nyuma

Wanaodhani kwamba mgongano huu ni wa mpito, kwamba utajitatua wenyewe watu wakizoea, wanapaswa kuitazama Uholanzi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1976 nchi hiyo imevumilia uuzaji mdogo, na maduka maarufu yanayojiita ya kahawa yakaota humo. Bangi haikuhalalishwa, waendesha mashtaka walikubali kutoshitaki pale masharti yanapofuatwa. Mteja anauziwa hadi gramu 5 kwa siku, duka halipaswi kuwa na akiba ya zaidi ya gramu 500, asiuziwe mwenye umri chini ya miaka 18, wala pasiwepo tangazo.

Mlango wa mbele, basi, uko wazi na unalipa kodi. Lakini akiba inapokwisha, na katika duka lenye wateja wengi huisha haraka, mwenye duka inambidi aipokee nyingine kutoka kwa mtu ambaye akikamatwa njiani anashitakiwa. Waholanzi wenyewe huliita tatizo la mlango wa nyuma. Vizazi viwili vya wanasiasa vimeishi nalo. Ni Desemba 2023 tu ndipo jaribio la kuuza bangi iliyolimwa kwa leseni lilipoanza katika miji ya Breda na Tilburg, kisha likapanuliwa hadi manispaa kumi.

Karibu nusu karne, mtu aliyejazia rafu alikuwa mhalifu na aliyesimama mbele ya rafu alikuwa mfanyabiashara. Makundi ya kihalifu hayangeweza kutunga sheria iliyo nzuri zaidi kwao: soko la uhakika, lenye wateja walioruhusiwa, na wao peke yao ndio wenye bidhaa.

Hapo nilianza kuona kwamba kuondoa adhabu kwa mtumiaji, jambo ambalo ninaliunga mkono na ninaendelea kuliunga mkono, halipunguzi hata chembe kipato cha msambazaji haramu. Pengine linakiongeza.

## Serikali inapofumba macho

Na wale waliohalalisha mnyororo mzima, kuanzia shamba hadi duka, mbegu yao ya kwanza waliitoa wapi? Hili nililifuatilia kwa hamu zaidi, na jibu lake lilinifurahisha kwa jinsi lilivyo la kibinadamu.

Jimbo la Washington nchini Marekani, ambalo wapiga kura wake pamoja na wale wa Colorado walihalalisha bangi mwaka 2012, liliwapa wakulima wapya wenye leseni siku 15 za kuingiza mimea isiyochanua na mbegu shambani mwao bila kuulizwa zilikotoka. Siku ya 16 kila mche ukawa na namba yake na kufuatiliwa mpaka kwenye rafu. Kanada nayo, iliyofungua soko lake tarehe 17 Oktoba 2018, ilikubali mwombaji wa leseni atangaze mara moja mimea na mbegu alizo nazo za kuanzia, na serikali haikudai historia yake. Zile aina za bangi zilizokuzwa kwa miaka mingi kwenye vyumba vya chini ya nyumba na katika mabonde ya mbali zikavuka mpaka wa sheria, kila moja na cheti chake.

Walichofanya, kwa maneno mengine, ni kukiri kwamba hakuna sheria inayoweza kuanza bila kuyasamehe yaliyopita. Walifumba macho kwa siku chache, kwa makusudi na kwa maandishi. Ninaliona hilo kuwa la uaminifu zaidi kuliko mnyororo wa marafiki wasiopokea malipo.

Kisha nikakutana na jambo ambalo lingepaswa kusemwa pale ukumbini. Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, ndiyo nguzo ya makatazo yote haya duniani, unaposema ni sehemu gani ya mmea inayodhibitiwa unataja vishada vya maua au vya matunda, na unaziacha nje mbegu na majani yasiyoambatana na vishada hivyo. Mbegu haina THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, ya kutosha kumlewesha mtu. Kwa mkataba wenyewe, kilichomo kiganjani mwa mtu mwenye mbegu hakijawa dawa ya kulevya. Nchi nyingi zimeamua kuikataza mbegu kwa sheria zao za ndani, na zina uwezo huo, lakini mkataba haukuzilazimisha.

Mkataba huohuo unazitaka nchi ziruhusu bangi kwa tiba na utafiti wa kisayansi tu. Desemba 2020 Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika jedwali la nne, lile la dawa hatari zaidi zisizo na faida kubwa ya tiba, lakini ikaiacha katika jedwali la kwanza. Tofauti ya kura mbili. Uruguay na Kanada zinauvunja mkataba waziwazi na zimechagua kuvumilia lawama za bodi inayousimamia. Nchi ndogo isiyo na nguvu ya kuvumilia lawama hizo hujifikiria mara mbili.

## Muuzaji akipata leseni

Mpaka hapa msomaji atadhani nimekwisha kufikia uamuzi: halalisha mnyororo mzima, maliza kazi. Nilifika hapo kweli, nikakaa juma moja hivi nikiwa na amani. Kilichoniondolea amani ni swali la pili ambalo hakuna aliyeliuliza ukumbini: huyo muuzaji mwenye leseni anapata faida kwa nani?

Hapati kwa mtu anayevuta mara moja kwa mwezi. Katika bidhaa zote za ulevi, sehemu kubwa ya mauzo hununuliwa na sehemu ndogo ya wateja, wale wanaotumia kila siku. Mfanyabiashara hahitaji kuwa mtu mbaya ili mizani ya hesabu zake imwelekeze kwao. Atatengeneza bidhaa yenye nguvu zaidi, atatengeneza peremende, atapunguza bei. Wakati huohuo, madaktari wametuonya kwamba matumizi ya kila siku ya bangi yenye THC nyingi, hasa yakianza ujanani, yanahusiana na ongezeko la hatari ya maradhi ya akili yanayomtenga mtu na uhalisia, na hospitali za Marekani na Kanada zimepokea watoto wadogo zaidi waliokula peremende za wazazi wao.

Nchi zilizoliona hilo mapema zilijaribu kuifunga mikono biashara. Kanada iliweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa kila pakiti ya bidhaa ya kuliwa na ikaamuru vifungashio visivyo na mvuto. Quebec ilikwenda mbali zaidi: maduka ni ya serikali ya jimbo, peremende hazimo kabisa, na Januari 2020 umri wa kununua ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21.

Thailand ilifanya kinyume. Juni 2022 iliitoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya kabla bunge halijapitisha sheria ya kuisimamia, na serikali ikatangaza kugawa miche milioni moja kwa kaya. Hakika huko hakuna aliyehangaika na mbegu ya kwanza! Maduka yakatapakaa kwa maelfu. Miaka mitatu baadaye, Juni 2025, serikali nyingine ikaagiza kwamba maua ya bangi yasiuzwe bila cheti cha daktari, na watu waliokwisha kuweka akiba zao katika maduka hayo wakabaki wakitazamana. Tusiseme kwamba Thailand ilihalalisha. Ilitoa kufuli na kusahau kuweka mlinzi.

Uruguay ndiyo inayonivutia zaidi, labda kwa sababu haikuwa na haraka ya kutajirika. Sheria yake ya Desemba 2013, chini ya Rais José Mujica, ilimpa mkazi njia tatu na kumtaka achague moja tu: apande mimea sita nyumbani, ajiunge na klabu yenye wanachama kati ya 15 na 45, au anunue hadi gramu 40 kwa mwezi katika duka la dawa. Kila mmoja anajisajili. Matangazo hayaruhusiwi, watalii hawauziwi. Mauzo ya maduka ya dawa hayakuanza hadi Julai 2017, na bangi iliyouzwa mwanzoni ilikuwa na nguvu ndogo mno kiasi kwamba ikabidi baadaye ziongezwe aina kali zaidi.

Halafu benki zikapiga simu. Majuma machache tu baada ya mauzo kuanza, benki za Uruguay ziliwaarifu wenye maduka ya dawa kwamba akaunti zao zitafungwa, kwa sababu benki za Marekani wanazoshirikiana nazo haziruhusiwi na sheria ya shirikisho kugusa fedha za bangi. Fikiria hilo: duka la dawa halali, linalouza bidhaa halali kwa bei iliyopangwa na serikali, katika nchi huru, linazuiwa na sheria ya nchi nyingine ambayo majimbo yake kadhaa yenyewe yanauza bangi madukani. Baadhi ya maduka yalijitoa. Yaliyobaki yaliendesha mauzo hayo kwa fedha taslimu.

Pamoja na hayo yote, kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kitu kinachofanana na klabu za Uruguay na vyama vya Ujerumani, ambako anayelima na anayevuta ni watu walewale na hakuna mtu wa tatu anayenufaika mmoja wao akizidisha. Ninajua udhaifu wake. Klabu zinahitaji ada, ardhi na muda, kwa hiyo anayebaki nje ni yuleyule mpangaji wa chumba kimoja. Sina jibu lake zaidi ya duka la umma lisilo na tangazo, na ninatambua kwamba maduka ya umma katika nchi nyingi si jambo la kutajwa bila kicheko.

## Damu ya dereva

Barabara nitaigusa kwa ufupi. Pombe hupimwa kwa pumzi na kiwango chake hushuka kwa saa zinazokadirika. THC hujificha katika mafuta ya mwili na kurudi polepole katika damu, hivyo mtu anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo siku kadhaa baada ya msokoto wa mwisho, akiwa hana ulevi wowote, na mwingine aliyevuta muda si mrefu akaonyesha kiwango kidogo kuliko hali yake halisi. Colorado iliweka nanogramu 5 kwa mililita ya damu, Kanada ikaweka ngazi mbili, 2 na 5, na Ujerumani, inayopima majimaji ya damu badala ya damu nzima, Agosti 2024 ikapanda kutoka 1 hadi 3.5. Kama sayansi ingekuwa na mstari mmoja, sheria hizi zisingekuwa na mistari inayotofautiana. Sheria haiwezi kusubiri. Mtu aliyegongwa hasubiri. Lakini kiongozi anayesimama kusema kwamba suala la madereva limekwisha kutatuliwa hajasoma tarakimu hizo.

## Wenye mafaili

Nilichelewa kufika kwenye jambo hili, na sasa naliona kuwa zito kuliko yote yaliyotangulia.

Siku leseni ya kwanza inapotolewa, magereza na makabati ya mahakama yana watu waliofanya jambo lilelile jana yake. Rekodi ya jinai humfuata mtu anapoomba kazi, viza, nyumba ya kupanga. Kanada ilitangaza mwaka 2019 kwamba waliohukumiwa kwa kupatikana na bangi tu wanaweza kusitishiwa rekodi zao bila ada. Ilibidi waombe, wakusanye hati za polisi na za mahakama, wajaze fomu. Waliofanya hivyo walikuwa wachache mno. Jimbo la Illinois, Marekani, lilipohalalisha mwaka 2020 liliweka utaratibu wa kufuta rekodi ndogo bila mhusika kuomba, na tofauti ya mawazo hayo mawili ni kubwa: moja linamwambia aliyeumizwa aje kuuthibitisha umizo wake, jingine linaitaka ofisi isafishe kabati lake yenyewe. Rais Joe Biden alitoa msamaha Oktoba 2022 kwa waliohukumiwa na serikali ya shirikisho kwa kupatikana na bangi tu. Maafisa wake walisema siku ileile kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa gerezani kwa kosa hilo peke yake katika ngazi ya shirikisho. Wafungwa wako chini ya majimbo, na huko kalamu ya rais haifiki.

Mara nyingi leseni zinapoanza, anayezipata ni mwenye mtaji na mwanasheria, na anayezikosa ni mwenye ujuzi na faili. Masharti ya leseni humtaka mwombaji awe na rekodi safi. Aliyelima kwa miaka ishirini hana rekodi safi kwa sababu alilima.

Moroko imelishika jambo hili kwa upande ambao sikuutarajia. Sheria namba 13-21 ya mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha bangi kwa tiba, vipodozi na viwanda katika mikoa mitatu ya eneo la Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, mkulima akitakiwa kuuza kupitia ushirika wenye leseni. Lakini mtu anayetafutwa na polisi haendi ofisi ya serikali kujaza fomu, na milimani watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Agosti 2024 Mfalme Mohammed wa Sita aliwasamehe watu 4,831 waliohukumiwa, walioshitakiwa au waliokuwa wakitafutwa kwa kilimo cha bangi, ili waweze kuingia katika utaratibu mpya. Mbegu za asili zimo milimani humo tangu zamani, lakini mkulima mwenye leseni anatakiwa kutumia zilizoidhinishwa.

Msamaha huo, hata hivyo, ni wa wakulima. Kuvuta hakukuhalalishwa. Mzee wa Chefchaouen anaweza sasa kupeleka mavuno yake kwenye ushirika kwa jina lake halisi na kupewa risiti, na mjukuu wake akikamatwa mjini na msokoto atafikishwa mahakamani kwa sheria ya mwaka 1974.